Tableti ileile, darasa tofauti: nadharia gani ya kujifunza ikuongoze kabla hujawasha projekta

Kuna mwalimu kijana ameletwa hapa kisiwani Lamu mwaka huu, kapewa gredi ya 5, juzi kanishika chumba cha walimu akaniuliza, "Mwalimu, kwa sayansi nitumie apu gani?" Nikamwambia ngoja kwanza, wewe unaamini mtoto anajifunza vipi? Akanitizama kama nimemuuliza bei ya punda. Sikumlaumu, chuoni hizi nadharia tulizisoma tukazijibu kwenye mtihani tukaziwacha hukohuko, mimi mwenyewe nilikuwa na miaka sita kazini ndio nikagundua kwamba kumbe kila nikiwasha tableti kuna nadharia inanisukuma na sijui ni ipi.

Basi nimekaa nimeandika ulinganisho, kwa yeye na kwa mwengine yeyote aliye na projekta moja na tableti chache na hajui aanzie wapi. Sitalinganisha apu. Apu zinakuja na kuondoka. Nalinganisha nadharia, alafu naonyesha kila moja inaifanya tableti ileile itumike vipi, na ili tusipotee nitashika somo moja tu mwanzo mpaka mwisho: maji kujaa na kupwa. Watoto wetu wanalijua kwa miguu, wazazi wao wanapanga safari kwa hilo, lakini ukiwauliza kwa nini wananyamaza.

Kabla sijaendelea, kuna Mmarekani anaitwa Richard Clark, 1983 aliandika kitu kilichowaudhi watu wengi wa teknolojia: kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta vyakula, lori halibadilishi lishe iliyo ndani. Kwetu mboga inashuka Mokowe, upande wa bara, kwa lori, inavuka kwa boti, inamalizia juu ya punda, na sukuma ikifika sokoni ni sukuma ileile, labda imenyauka kidogo. Robert Kozma akambishia baadaye, akasema vyombo vingine vina uwezo ambao vingine havina, na mimi niko katikati, manake kwenye ubao wa ukutani sikuweza kamwe kuonyesha mwezi ukizunguka, tableti inaweza. Lakini Clark ana haki kwenye hili: ukibeba ufundishaji mbovu ukautia kwenye tableti umepata ufundishaji mbovu unaotumia chaji.

Sasa tuingie.

Nadharia ya tabia: swali, jibu, tuzo

Hii ndio ya kina Watson, 1913, alafu Skinner. Inasema usijisumbue na yaliyomo kichwani, tizama mtu anafanya nini, akifanya sawa mpe kitu kizuri palepale, atarudia. Skinner mwaka 1953 alikwenda kutembelea darasa la hesabu la binti yake akakereka na mambo mawili, watoto wanangoja sana kujua kama wamepata au wamekosa, na wote wanaburutwa mwendo mmoja. Akatengeneza mashine ya kufundishia, swali dogo, unajibu, unaona jibu papo hapo, unasonga. Ukiitizama vizuri ile mashine utaona ni baba yao hizi apu zote za kwizi unazoziona leo, Kahoot nayo imo, nyota, pointi, mlio wa "vizuri sana!"

Kwa somo letu la maji ni hivi: maswali 20, bamvua (maji makubwa) ni lini, maji mafu (maji madogo) ni lini, ni nini kinayavuta, mtoto anabonyeza, anaona kijani au nyekundu.

Faida yake usiidharau. Msamiati, majedwali ya kuzidisha, tahajia, majina ya sehemu za mmea, hapa haina mshindani, na inakuokoa kusahihisha madaftari 60. Kuna watu wanaidharau hii nadharia ovyo, ati imepitwa na wakati, na mchana haohao wanawapa watoto kwizi yenye vikombe vya dhahabu.

Ubaya wake niliuona kwa macho yangu. Kijana mmoja wa gredi ya 6 aliniletea tableti imeandika 10 kwa 10, nikafurahi, nikakaa nyuma yake raundi ya pili nimtizame. Hakuwa akisoma swali. Apu ilikuwa inamruhusu ajaribu tena mpaka apate, kwa hivyo anabonyeza A, nyekundu, B, nyekundu, C, kijani, swali lijalo, vidole vinakwenda kama anacheza ngoma, na mwisho pointi zote ni zake. Kajifunza kitu kweli, kajifunza kwamba kijani iko mahali fulani kati ya nne. Nikamtoa nje, bahari inaonekana pale kwetu, nikamuuliza sasa hivi maji yanajaa au yanapwa? Akatupa jicho mara moja tu, "Yanapwa mwalimu, si unaona ile mashua ishaanza kulala." Yaani anajua kuliko ile apu, na apu haina njia ya kumuuliza.

Kwa hivyo ukichagua hii, tafuta apu ambayo jibu la kwanza tu ndilo linahesabiwa. Kitu kidogo lakini kinabadilisha kila kitu.

Nadharia ya utambuzi: kichwa kina nafasi ndogo

Hawa walisema hapana, yaliyomo kichwani ndiyo hasa tunayoyataka. George Miller 1956 akaandika kwamba mtu anashika vitu kama saba hivi kwa mara moja, wengine baadaye wakasema ni vichache zaidi, karibu vinne. John Sweller 1988 akaleta habari ya mzigo: kumbukumbu ya kufanyia kazi ni ndogo, ukiijazia mambo yasiyo na maana hakuna nafasi ya kuelewa. Alafu Richard Mayer akatumia miaka mingi kupima picha na maneno, na alichokipata kinafaa kubandikwa juu ya kila projekta ya shule hii: picha na sauti pamoja zinafundisha vizuri, lakini ukiongeza na maandishi yaleyale unayoyasema unaharibu. Yaani ile tabia yetu ya kujaza slaidi maneno alafu kuisoma neno kwa neno darasa zima linakusikiliza, ile ndiyo mbaya kabisa, mtoto anasoma na anasikiliza kitu kilekile kwa mwendo tofauti na hapati hata kimoja.

Nimefanya hivyo miaka. Wallahi miaka.

Sasa hivi somo la maji kwa njia hii nalifanya hivi. Video ya mwezi ukizunguka dunia, haina maandishi, sauti ya video naizima nasema mimi mwenyewe kwa lugha yao. Sekunde 20, nasimamisha. Chora ulichokiona. Tunaendelea, jua linaingia, nasimamisha, chora tena. Siku mwezi, jua na dunia zikiwa kwenye mstari mmoja mivuto inashikana, hiyo ndio bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Zikiwa pembe mraba zinapunguziana, maji mafu. Hayo yote ni vipande vinne na siviweki kwenye slaidi moja.

Na kuna la pili hapa. Ebbinghaus, Mjerumani, 1885 alijipima mwenyewe akaona mtu anasahau haraka sana mwanzoni, na kurudia kwa kupisha siku ndio dawa. Apu za kadi za kurudia zimejengwa juu ya hilo, zinakuletea kadi kila unapokaribia kuisahau. Mimi nilipomweleza maalim mmoja wa chuo cha Qur'ani mtaa wa nyuma kwetu akacheka akaniambia, "Mwanangu, hiyo si murajaa?" Yaani kurudia uliyohifadhi. Na ndiyo hiyo. Watoto wanaohifadhi Qur'ani hapa Lamu wana sabaki, yaani somo jipya, ya leo, na wana zamu ya kuyarudia ya jana na ya mwezi uliopita, hawasogei mbele kabla ya kurudi nyuma. Watoto haohao mchana wanakuja kwangu nawafundisha mada mwezi wa pili na siigusi tena mpaka mtihani. Kwa hiyo kama huna apu usihangaike, daftari na kalenda zinatosha, maswali matatu ya mwezi uliopita kila asubuhi kabla ya kuanza.

Udhaifu wa nadharia hii ni kwamba mwalimu ndiye anafanya kazi yote ya kufikiri mapema. Nilipanga lile somo jioni mbili kamili. Na mtoto anaweza kuelewa mchoro vizuri sana na asiunganishe kabisa na ile bahari iliyo nje ya dirisha.

Nadharia ya kujenga maarifa: mtoto afanye, aone, abishe

Hii ndiyo mtaala wetu mpya unaipenda, ukisoma miongozo ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, utaiona kila ukurasa hata kama haitajwi jina. Piaget na Vygotsky, wote wamezaliwa 1896, wa kwanza anasema mtoto anajenga ufahamu kwa kugusa dunia na kukuta haifanani na alivyodhani, wa pili anasema ndiyo lakini hajengi peke yake, kuna eneo ambalo mwenyewe hafiki, akishikwa mkono anafika. Kina Wood, Bruner na Ross 1976 wakaufananisha msaada huo na jukwaa la mafundi wa nyumba. Mimi naona neno letu ni zuri zaidi: gadi. Maji yakipwa chombo kiko mchangani unakitia gadi kisilale ubavu, maji yakirudi kikielea unaziondoa, ukiziacha zinakizuia. Tableti kwenye nadharia hii ni gadi, au ni chombo cha mtoto kuundia kitu.

Aliyesukuma hili kwenye kompyuta ni Seymour Papert, alifanya kazi na Piaget kule Geneva alafu akaenda Marekani, 1967 yeye na wenzake wakatoa Logo, lugha ya kuamrisha kompyuta. Mtoto anamwamrisha kobe wa kwenye kioo: mbele 100, kulia 90, rudia mara nne, mraba huo. Kobe wao mimi darasani namwita kasa, kwa sababu watoto wa huku wameona kasa akipanda kutaga na asubuhi alama zake ziko mchangani, wakaelewa mara moja kwamba yule wa kwenye kioo naye anaacha alama anapopita. Scratch ya 2007 ni mjukuu wa hiyo, ya bure, na unaweza kuiweka kwenye kompyuta ikafanya kazi bila intaneti, hilo kwa shule zetu ni kubwa.

Sasa kisa changu na maji. Nilisoma haya mambo nikahamasika, nikawapa gredi ya 6 kazi: makundi manne, kila kundi tableti moja, wiki mbili, pigeni picha ngazi za gati kila siku, maji yamefika ngazi ya ngapi, alafu nyinyi wenyewe mniambie kanuni ni ipi. Sikuwaambia zaidi, nikajiona mwalimu wa kisasa. Wiki mbili zikaisha, picha zaidi ya 50, na ilikuwa fujo tupu. Kundi moja limepiga saa 12 asubuhi, jingine saa 10 jioni baada ya chuo, jingine siku moja asubuhi siku nyengine jioni, kundi la nne lina picha nyingi za punda. Hakuna kanuni inayotoka hapo, hata ningekuwa mimi.

Nikarudia. Safari hii nikatia gadi. Kwanza nikawauliza, tupige saa gani ili picha zifanane? Wakabishana dakika 20, mmoja akasema tusipige kwa saa, tupige kila siku maji yakiwa yamejaa kabisa, tuandike ilikuwa saa ngapi. Nani anajua yatajaa saa ngapi? "Babangu anajua." Haya, kamuulizeni. Siku yakijaa wakati wa masomo tulitoka darasa zima, dakika kumi, gati iko karibu. Nikawachorea jedwali la safu tatu: tarehe ya mwezi wa Kiislamu, saa, ngazi ya ngapi.

Siku ya tano msichana mmoja, mnyamavu kabisa, akasema "Mwalimu, kila siku yanachelewa." Kwa kiasi gani? Wakatoa, wakajumlisha, wakagawanya, ikaja karibu dakika 50, na ndiyo, kujaa mpaka kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, mara mbili kwa siku, kwa hivyo kesho yake umechelewa kama 50. Hesabu ile hawakuihitaji kuifundishwa, waliihitaji kuijua. Na ngazi zikaonyesha maji yanafika juu zaidi karibu na tarehe mosi na tarehe 15, katikati hapo hayafiki. Ndipo nikawasha projekta na ile video ya mwezi. Mara ya kwanza katika kazi yangu nimesikia darasa likisema "aaaah" kwa pamoja kwa sababu ya sayansi.

Kwa hivyo na mimi nakubaliana na Kirschner, Sweller na Clark, 2006 waliandika kwamba kumwacha mwanagenzi agundue mwenyewe bila mwongozo ni kumpotezea muda. Wanaoshabikia ugunduzi hawawapendi kabisa. Mimi nina picha za punda kama ushahidi.

Kuna tawi lake moja nalipenda, la Jean Lave na Etienne Wenger, 1991, kwamba mtu anajifunza kwa kuingia kazini polepole akianzia pembeni. Lave aliwatizama mafundi cherahani Liberia. Ukienda Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani wanakotengeneza majahazi, utaliona bila kitabu, kijana anaanza kushikilia ubao na kuleta misumari, miaka inapita ndio anashika tezo. Darasani ni vigumu kuiga, ila tableti inaweza kumrekodi fundi akieleza kwa nini chombo kinashushwa majini siku ya bamvua, na tumefanya hivyo.

Konektivizimu: maarifa yako kwenye mtandao

Hii nitaipitia haraka. George Siemens 2005, na Stephen Downes, wanasema kujifunza siku hizi ni kujua kuunganika na watu na vyanzo, maarifa yako kwenye mtandao wenyewe. Wengine wanabisha kama kweli ni nadharia kamili. Kwa gredi ya 5 na bando langu mwenyewe la simu, hapana. Kwa walimu wenyewe ndiyo, lile kundi letu la WhatsApp la kubadilishana maswali na michoro ni hiyohiyo, na kwa wanafunzi wa sekondari ya juu wanaojua kuchuja uongo inaweza kufaa. Ikikatika intaneti imekatika nadharia yote.

Sasa uchague vipi

Kijana wangu alitaka jibu moja. Sina moja, lakini nina maoni.

Kama kitu ni cha kukumbuka tu na kina jibu moja, shika ya tabia, mpe kwizi fupi, dakika 10, usizidishe. Kama ni kitu kigeni kwao kabisa na kina vipande vingi, anza na ya utambuzi, ongoza wewe, polepole, slaidi zenye maneno machache, usimtupe mtoto baharini ndio umwambie aogelee. Kama ni kitu tayari wanakiishi lakini hawajakifikiria, kama maji, upepo wa kaskazi na kusi, chumvi, samaki kuoza, hapo kujenga ndiko kunakolipa, kwa sababu data iko nje ya mlango. Watu wa Malindi wana mto Sabaki unaoifanya bahari iwe ya udongo msimu wa mvua, hilo ni somo la miezi miwili na halihitaji hata apu, kamera tu.

Tizama na vifaa ulivyonavyo kweli, siyo vilivyoandikwa kwenye orodha. Tulipata zile tableti za mpango wa serikali wa 2016 na projekta yake, leo zinazowaka ni chache. Ukiwa na projekta moja peke yake, nadharia ya utambuzi ndiyo inakufaa zaidi, kwa sababu darasa zima linaangalia kitu kimoja na wewe ndiye unayesimamisha. Ya tabia inataka kila mtoto abonyeze mwenyewe, tableti moja kwa watoto sita haifai, mmoja anabonyeza watano wanapiga kelele, afadhali kadi za karatasi za A B C D wainue juu. Ya kujenga, ajabu, ndiyo inayotaka vifaa vichache kuliko zote, tableti moja kwa kundi inatosha na stima ikikatika kazi inaendelea. Inachokula ni muda. Wiki mbili za maji nililipa kwa kuibana mada ya umeme, na mtihani hauulizi ulijifunza vipi.

Na angalia wewe mwenyewe unaweza kuvumilia kelele kiasi gani. Sitanii. Mwalimu anayependa darasa kimya atachagua kwizi kila siku na atajiambia ni kwa sababu ya matokeo.

Kijana kanisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza tena, "Kwa hivyo apu gani?" Nikacheka. Baadaye jioni nikamuona kwenye gati na chaki, anapiga alama za namba kwenye ngazi kutoka chini kwenda juu, watoto watatu wamemzunguka wanamsahihisha kwamba ngazi ya mwisho haitafika maji mpaka mwezi mpevu. Akaniuliza mwezi mpevu ni siku gani. Nikamwambia waulize wao.